Dizeli sawa, lakini dizeli ipi Mhariri?

Mhariri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi, gazeti huku Makambako linafika alasiri na basi la kutoka Dar, nalisomea palepale stendi nikiwa na sahani ya wali maharage. Wiki ilopita mmetoa makala ya magari, mkasema mfanyabiashara anaetembea kilometa nyingi achukue dizeli ya mtumba, mafuta yatamtosha, basi mkaishia hapo, na picha ya gari inang'aa kama sufuria mpya. Sasa kijana wangu wa dukani kaisoma, kaja ananiambia bosi mkopo umetoka, natafuta dizeli kama walivosema gazetini. Nkamuuliza dizeli ipi? Akajibu yoyote tu, si dizeli? Hapo ndo nkaona lazima niandike, maana hiyo "yoyote tu" mimi ilinila hela ambayo mpaka leo mke wangu hajui jumla yake.

Nijitambulishe kwanza. Nauza mbegu, dawa za mifugo na mabomba ya kupulizia, nasambaza kwenye maduka ya pembejeo. Jumatatu naenda Iringa narudi, katikati ya wiki ni Mbeya mpaka Tunduma au wiki nyingine Songea, alafu Njombe mara mbili. Mwezi unafika kilometa 5,000, msimu wa kupanda zinazidi. Kwa hiyo mwaka ni kama 60,000. Hizi ni kilometa za barabara kuu, nawasha gari asubuhi nazima nikifika, sio za kusimama kila duka, na hilo ndo jambo mlilosahau kuandika na kwangu mimi ndo linakuja kabla ya yote.

Maana hesabu ya mafuta kila mtu anaijua, au anadhani anaijua. Hilux yangu ya dizeli 2.5 ikiwa na mzigo kwenye milima hii inanipa kilometa 11 kwa lita, nimepima mwenyewe tanki kwa tanki, sikusoma popote. Jamaa yangu ana ya petroli 2.7, bodi ileile, mzigo uleule, anapata 8. Kwa kilometa 60,000 mimi nachoma lita kama 5,450 yeye 7,500. Tofauti lita 2,000 na kitu, zidisha kwa bei yoyote ile EWURA wanayotangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi utaona ni hela ya maana. Haya, sasa chukua mtu anaetembea kilometa 10,000 kwa mwaka, anazunguka mjini tu. Tofauti inashuka mpaka lita 340. Nozo moja tu, hivi vidude vya kupulizia dizeli ndani ya injini, ikifa hizo lita 340 hazionekani, alafu zipo nne. Kijana wangu anasambaza Makambako mjini na maduka ya pembeni, kituo hadi kituo kilometa mbili, tatu. Sasa dizeli ya nini kwake?

Na sio mafuta tu. Injini yangu inaingia lita 7 za oili, nabadilisha kila kilometa 5,000, maana yake kila mwezi, kwa mwaka ni lita 84 na filta kumi na mbili. Hiyo kwenye makala yenu haikuwepo kabisa.

Tuje kwenye kununua kwenyewe. Ya kwanza niliinunua 2016 Dar, yadi siitaji na aina ya gari siitaji, sitaki ugomvi. Nilifika saa nne asubuhi nkaikuta imeshawashwa, inanguruma pale kwa upole, AC inapuliza, kijana wa yadi ananiita mzee wangu mzee wangu karibu. Dashibodi inasoma kilometa 78,000. Rangi safi, viti safi, redio inaongea Kijapani. Nkalipa. Nkafika Chalinze nafurahi, Mikumi nafurahi, nimeanza kupanda Kitonga gari ikaanza kukosa pumzi, malori ya mzigo yananipita Mhariri, lori la makontena linanipita mlimani! Nkajipa moyo eti ndo inazoea. Ilipofika Juni, na mnaojua baridi ya Makambako na Njombe mwezi wa sita mnanielewa, asubuhi haiwaki, mpaka vijana wanne wasukume, ikiwaka inatoa moshi mweupe jirani anafunga madirisha.

Fundi alifungua akakuta nozo tatu hazifai, plagi za kupashia moto mbili zimekufa, na washa za shaba zinazokaa chini ya nozo zimevuja siku nyingi, masizi yameingia kwenye oili, chujio la ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, limeziba nusu kwa uchafu mweusi kama lami. Akaniambia una bahati mzee, hii ilikuwa inaenda kunoki. Alafu akanionyesha kitu ambacho mimi sikukiona siku ya kununua, kwenye fremu ya mlango upande wa dereva kuna kastika kadogo ka Kijapani ka kubadilishia oili, maandishi sikuelewa ila namba nilielewa: 181,000. Yaani waliosafisha kila kitu walisahau kastika.

Tangu siku ile nasema, ukinunua dizeli ya mtumba unanunua nozo na pampu, bodi unapewa kama nyongeza. Mafundi wenyewe wanajua hivo. Hizi dizeli za mfumo wa kisasa, komoni reli wanaita, presha kwenye bomba inazidi baa 1,000, na kinacholainisha pampu na nozo ni dizeli yenyewe, hakuna kingine. Maji yakiingia, uchafu ukiingia, au dizeli imechakachuliwa na mafuta ya taa ambayo hayana ule utelezi, vyuma vinasagana. EWURA walianza kuweka vinasaba, zile alama za siri kwenye mafuta, 2010 ndo uchakachuaji ukapungua, namshukuru aliewaza hilo, lakini mtumba wa Bongo uliotembea kabla hujui ulinyweshwa nini na kidumu gani. Kwa hiyo mimi filta ya dizeli naiheshimu kuliko hata tairi, chini yake kuna kibomba cha kumwagia maji, kifungueni jamani, watu wana gari miaka sita hawajui kama kipo.

Sasa kuna jambo la pili ambalo naona watu wengi hawalijui kabisa na wenye yadi hawana haraka ya kulisema, ni historia ya hizi dizeli za Japani. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi akatikisa chupa ya plastiki ina masizi meusi ya dizeli, akasema hivi ndo vitu mnavuta, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi ya dizeli yasiyokidhi viwango yakapigwa marufuku Tokyo na mikoa ya jirani. Sheria za huko zikabana na magari madogo pia. Matokeo yake dizeli nyingi za zamani zikapakiwa meli zikaja kwetu na kwa wenzetu, na kwenye gari ndogo za Japani dizeli ikawa karibu ipotee, mpaka Nissan walipotoa X-Trail ya dizeli 2008 na Mazda wakaja na CX-5 mwaka 2012. Prado ya dizeli kule kwao walisimamisha 2007 wakairudisha 2015. Hilux haikuuzwa kabisa Japani kuanzia 2004 mpaka 2017. Kwa hiyo mtu akikwambia hii Prado ya dizeli ya 2011 imetoka Japani moja kwa moja, muulize imetoka Japani ipi. Inaweza kuwa gari nzuri tu, labda imetoka Uingereza au Dubai, lakini kama ameanza kukudanganya nchi, kilometa atakuambia ukweli?

Maana ya hiyo historia kwa mnunuzi ni kwamba dizeli ndogo ya Japani utakayoikuta yadi aidha ni mkongwe wa kabla ya hapo, mara nyingi pampu ya kizamani, au ni mpya yenye masega ya kukamata masizi. Na hayo masega ndo kesi. Watu wa mjini ndo yanawaua. Kazi yake yanashika masizi, yakijaa gari inamwaga dizeli ya ziada kuyachoma, moto unapanda mpaka kama nyuzi 600, na hiyo kazi inataka gari iwe inatembea mwendo wa kueleweka dakika kumi na tano, ishirini bila kukatishwa. Ningekuwa nayo mimi, nikitoka Makambako kwenda Mbeya ingejichoma yenyewe hata nisijue, pamoja na vile vibao vya 50, 50, 50 kila kijiji na jamaa wa tochi nyuma ya mti wa mwembe. Lakini wa mjini anazima katikati. Kesho anazima tena. Masega yanajaa, na ile dizeli ya ziada inashukia kwenye oili, oili inaongezeka badala ya kupungua! Kwenye hizo Mazda za dizeli dipstiki ina alama ya X juu ya ile F, mnajua kazi yake? Oili ikifika hapo maana yake imechanganyika na dizeli, imwage. Sasa Mtanzania akikuta oili imezidi anasema gari yangu haili oili, ni nzima sana. Injini inaoga dizeli yeye anafurahi.

Kuna wanaokimbilia kuyakata masega na kuichezea kompyuta. Siwahukumu, nimeona wengi, wengine gari zinatembea. Ila mimi siwezi kununua gari iliyokatwa na mtu nisiyemjua, maana hujui alikata kwa sababu gani, labda tabo, ile feni ya kusukumia hewa kwenye injini, ilikuwa inavujisha oili masega yakajaa, akakata masega tabo akaiacha. Na oili yake sio ile ya dumu la jumla. Kwa gari za Japani za namna hiyo kopo liandikwe DL-1, ni oili yenye majivu kidogo. Kwenye upande wa dizeli yenyewe Afrika Mashariki tulishuka mpaka salfa 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, ni hatua kubwa, lakini injini hizi za karibuni za Ulaya na Japani zilitengenezewa dizeli ya salfa 10. Kwa hiyo hata ufanye vizuri vipi oili badilisha mapema kuliko kitabu kinavosema.

Basi baada ya ile ya kwanza nikakaa na petroli mwaka mmoja na zaidi, nina hasira na dizeli. 2019 mradi mmoja wa ujenzi ulimaliza kazi wakauza magari, nkaenda. Hilux 2.5, namba D, bodi imekwaruzwa na miti upande mzima, kiti cha dereva kimechanika, dashibodi inasoma 214,000 na hakuna alieichezea kwa sababu kulikuwa na daftari. Daftari Mhariri! Kila kilometa 5,000 imeandikwa oili, filta, tarehe, saini ya dereva, mwandiko mbaya lakini upo. Mkanda wa taimingi ulibadilishwa kwenye laki moja, ukabadilishwa tena kwenye laki mbili. Wenzangu walikuwa wanagombania ile nyeupe nzuri yenye 120,000 ambayo ilikuwa ya bosi wa mradi, anaendeshwa toka nyumbani kwake mpaka ofisini, na daftari lake lilikuwa na mapengo. Mimi nkachukua iliyokwaruzwa. Leo inasoma 487,000. Nozo nimebadilisha mara moja, tabo haijaguswa.

Kwa hiyo kilometa nyingi zisiwatishe hivo. Dizeli iliyotembea laki mbili na zaidi barabara kuu, imepata moto wake, imemwagwa oili kwa wakati, ni bora kuliko iliyotembea elfu themanini za kwenda sokoni na kurudi, na ni bora mara kumi kuliko ya elfu themanini za uongo. Ukiagiza Japani dai karatasi ya mnada na cheti cha kusafirishia, kilometa zimeandikwa mle. Ikitoka Uingereza ndo rahisi zaidi, ukiwa na namba yake ya kule unaingia kwenye mtandao wa serikali yao unaona ukaguzi wa MOT wa kila mwaka na maili iliyokuwa nazo, bure kabisa. Muuzaji akikataa kukupa namba ya zamani, rudi nyumbani ukanywe chai.

Siku ya kuiona mwambie asiiwashe. Mimi nafika nashika boneti kwa mkono, ikiwa ya moto naondoka, hata kama nimepanda basi kutoka huku, nimeshafanya hivo mara mbili na jamaa walininunia. Iwake ya baridi, usikie inavogonga, inagonga kidogo alafu inatulia au inaendelea? Moshi mweupe ukiwaka na kupotea ni baridi tu, usipopotea hapo ni nozo au kompresheni. Mweusi ukikanyaga mafuta, inakosa hewa au nozo zinamwaga. Wa buluu unajua mwenyewe, inakula oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inazunguka, ukiona moshi unapiga kwa nguvu kama bomba la treni ringi za pistoni zimechoka. Alafu fundi mwenye mashine aiunganishe asome zile namba za kila nozo, zinazoonyesha kompyuta inairekebishia mafuta kiasi gani, mafundi wa D4D, hizi dizeli za komoni reli za Toyota, wengi watakwambia ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta na imepata moto zisivuke tatu, chanya au hasi, na zisipishane sana, moja ikiwa sifuri na nyingine inakimbilia nne ujue hiyo unanunua na bili yake. Angalia raba ya pedali ya breki na usukani, gari ya elfu sabini haiwezi kuwa na pedali imelika mpaka chuma. Alafu ipandishe mlima. Wa Dar watasema mlima tutautoa wapi, ipelekeni Pugu basi, lakini sio kuzunguka yadi mara moja gia ya kwanza mkasema imepita.

Aina gani? Kijana aliniuliza hivo na najua wasomaji wataniuliza. Kwa safari kama zangu na mzigo, Hilux 2.5 au 3.0 za D4D ni nzuri ila zile washa za chini ya nozo zibadilishwe unapoinunua tu, usingoje, na sampu ishushwe chujio lioshwe, nimeshawaambia yaliyonikuta. Isuzu D-Max ya 3.0 nimeisikia sifa zake kwa watu wa mbao Mafinga na wale hawanaga huruma na gari. Kama hubebi mzigo, unauza dawa za hospitali au bima, unatembea na begi tu Dar, Dodoma, Mwanza, basi CX-5 ya dizeli ni gari tamu, inabana mafuta kweli, alimradi uwe mtu wa masafa na dipstiki uiangalie kila Jumapili. Wazee wenzangu wanaolilia injini za kizamani za Toyota, 5L na 1HZ, hawajakosea, zinawaka hata kwa dua, fundi yeyote wa chini ya mti anazijua, lakini 5L ukiwa na tani moja mgongoni unapanda Kitonga unaweza kusoma gazeti lote la kwenu kabla hujafika juu. Na nimesahau, ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi za Japani inawaka ikifika laki moja, sasa gari yenye "elfu tisini na nane" ambayo mkanda wake ni mpya unang'aa, muulize mwenyewe kwa nini.

Kijana wangu nilimwambia hayo yote jioni moja mpaka akaanza kupiga miayo. Mwisho akasema kwa hiyo bosi mimi nichukue petroli? Nkamwambia kwa njia zako chukua Probox ya petroli, siku ukianza kwenda Songea kila wiki njoo tuongee tena. Alinuna kidogo, alikuwa ameshawaambia watu anashusha dizeli. Kesho anaondoka na basi la alfajiri kwenda Dar kuiangalia, na nimempa boksi la nozo zangu nne nilizofungua nyumbani (gari ipo juu ya mawe) azipeleke kwa fundi Gerezani zipimwe, maana huku kwetu mashine ya kupimia nozo sijaiona. Kama kuna msomaji wenu anamjua fundi mwenye hiyo mashine Njombe, Mafinga au hata Mbeya, aandike kwenu na nyie mlichape, nimechoka kutuma nozo kwa basi zikiwa zimefungwa na kanga ya mke wangu.

Msomaji wenu, muuza pembejeo,
Makambako.